Mzani wa Bariadi na Motokaa ya Mbali

Msomaji mpenzi, leo nakualika tufunge safari pamoja mpaka Bariadi. Kama hujapata kufika huko usiwe na hofu, maana njia si ngumu kama ilivyokuwa zamani. Twatoka Mwanza asubuhi kwa barabara ya Musoma. Twavuka mto Simiyu, ambao mkoa umepewa jina lake, twapita Magu, na ziwa likiwa upande wa kushoto twafika Lamadi. Mbele kidogo ya hapo liko lango la Ndabaka, ambapo wageni huingia Serengeti kutazama wanyama. Sisi leo hatuna shauri na simba. Twakata mkono wa kulia, twashika barabara ya lami ya kwenda Bariadi, mwendo wa kilometa 70 hivi.

Tazama nje ya dirisha. Nchi ni tambarare, na mahali pengi udongo ni mweusi. Huku pamba, huku mahindi, huku mtama na viazi vitamu. Ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, na mtoto mwenye fimbo anawafuata nyuma kama bwana mkubwa. Twapita Nyakabindi, penye uwanja wa maonyesho ya wakulima, ambapo sikukuu ya Nane Nane ya taifa zima ilifanyika mwaka 2018. Baada ya hapo si mbali, twaingia mjini.

Mkoa wa Simiyu bado ni kijana. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, nao una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni nchi ya Wasukuma, na ni nchi ya pamba. Mwezi wa Mei soko la pamba hufunguliwa, wakulima hupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, hupimiwa, hulipwa. Ndipo kila nyumba hukaa kikao. Huyu ataka mabati, huyu ataka ng'ombe, huyu ada ya shule. Na siku hizi, kwa kuwa barabara ni nzuri, wengi wataka motokaa. Mtu mwenye gari la abiria huchukua watu kwenda mnadani, huchukua mgonjwa kwenda hospitali, na jioni hurudi na fedha mfukoni. Ni shauri jema, wala silikatai.

Lakini motokaa hazioti shambani Bariadi. Nyingi ziko Mwanza, na nyingi zaidi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Na hizo za Dar es Salaam nazo nyingi zimetoka Japani kwa meli. Mnunuzi yuko huku, mali iko kule, na katikati pana njia ndefu. Katika njia hiyo ndefu, ndugu yangu, ndimo walaghai wamejenga nyumba yao.

PLAU CHINI YA MTI

Nilifika kwa mzee mmoja katika kijiji kisicho mbali na mji. Jina lake silitaji, maana aibu aliyoipata yamtosha. Nilimwamkia kwa desturi ya huko, “Mwangaluka,” naye akaitikia vizuri, akaniletea kiti. Chini ya mti uani niliona plau ya kukokotwa na ng'ombe, imeanza kushika kutu.

“Mzee,” nikamwuliza, “maksai wamekwenda malishoni?”

“Hapana, mwanangu,” akajibu. “Maksai wangu wamekwenda Dar es Salaam kwa simu.”

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe sivyo. Akanieleza habari yake, nami nakueleza wewe kama alivyonieleza mimi.

Mjukuu wake alikuwa ameona katika simu picha ya motokaa ya abiria, nyeupe, inang'aa kama sahani mpya. Bei yake ilikuwa kama nusu ya bei ya nyingine za namna hiyo. Wakapiga simu. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole na heshima nyingi. Alimwita mzee “baba” tangu neno la kwanza. Akasema motokaa ni yake mwenyewe, ila amepata kazi nchi za nje na hana nafasi ya kungoja, ndiyo maana anauza kwa hasara. Akatuma picha ya kadi ya motokaa. Akatuma picha ya kitambulisho. Akatuma hata picha ya watoto wake wamekaa juu ya viti.

Kisha akasema, “Baba, kuna mtu wa Morogoro anakuja kesho na fedha zote. Lakini mimi nimekupenda wewe. Tuma kidogo tu nikushikie.” Mzee akatuma. Siku ya pili zikatakiwa fedha za deni dogo lililobaki, ili kadi itolewe. Akatuma. Siku ya tatu zikatakiwa fedha zote zilizobaki, maana dereva wa kuileta motokaa amekwisha patikana. Hapo mzee akauza maksai wanne, akaongeza fedha za pamba, akatuma. Siku ya nne dereva mwenyewe akapiga simu, ati yuko Dodoma, mafuta yamekwisha. Akatuma ya mafuta. Siku ya tano simu haikuita tena. Hata leo haijaita.

“Msimu uliofuata,” akasema mzee, “tulilima kwa jembe la mkono. Tulilima eneo dogo sana. Mjukuu wangu hakuweza kunitazama usoni, akaenda Mwanza kutafuta kibarua. Mwanangu, si fedha tu zilizoibiwa. Na mtoto pia wamenichukulia.”

NG'OMBE HUTAZAMWA MENO

Nikamwuliza mzee swali moja. “Ulipowanunua wale maksai zamani, ulifanyaje?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. “Nilikwenda mnadani mapema. Nilimfungua ng'ombe kinywa nikatazama meno. Nilimtembeza nione miguu. Nilimshika nundu. Nilimwuliza muuzaji ni mtu wa kijiji gani, na kibali cha mtendaji kiko wapi, maana ng'ombe wa wizi ni taabu. Tena nilikuwa na shemeji yangu, ambaye ajua ng'ombe kunishinda mimi.”

Kisha akanyamaza. Aliona mwenyewe. Kwa ng'ombe mmoja alitumia asubuhi nzima, na mtu wa kumsaidia, na kibali cha serikali. Kwa motokaa yenye bei ya ng'ombe wengi alitumia picha.

Wahenga wetu walikuwa na neno la jambo hili: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe wasikia analia, wamshika mgongo kwa nje, walipa, na ukifika nyumbani ukifungua gunia huna mbuzi. Simu ya siku hizi ni gunia zuri sana, maana juu yake pana picha ya mbuzi mnene.

Wala wazee wa Usukuma hawakuwa wajinga wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa nchi hizi za ziwa walilalamika kwamba wanapunjwa penye mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta mzigo, mnunuzi akasoma mzani wake mwenyewe, na mkulima hakuwa na la kusema. Walifanyaje? Hawakuacha kulima, wala hawakukaa kunung'unika tu. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu waliowaamini, wakasimama pale penye mzani na kusoma uzito kwa macho yao. Kutoka katika juhudi hizo vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria, makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Basi hapo ndipo lilipo neno langu lote la leo, msomaji: fedha zako zisitangulie mahali ambapo macho yako, au macho ya mtu wako, hayajafika.

KAMA MOTOKAA IKO HAPA NCHINI

Nikiwa Bariadi nilizungumza na madereva, mafundi wa gereji na watu waliopata kununua vizuri. Nakupa kwa ufupi yale waliyonifundisha.

Kwanza, bei ikiwa ya chini mno, simama. Ulizia bei ya motokaa ya namna ile kwa watu watatu tofauti. Mwenye mali nzuri aijua thamani yake. Hana sababu ya kumtupia mtu wa Bariadi asiyemjua nusu ya mali yake.

Pili, mtume mtu. Karibu kila ukoo una mtoto au shemeji Mwanza au Dar es Salaam. Naye aende na fundi uliyemchagua ninyi, si fundi aliyeletwa na muuzaji wala na dalali. Motokaa iwashwe ikiwa baridi, iendeshwe, itazamwe chini. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini vilevile. Huna ndugu kule? Basi panda basi uende mwenyewe. Nauli ni kidogo kuliko maksai wanne.

Tatu, picha ya kadi si kadi. Picha yaweza kuwa ya motokaa ya mtu mwingine kabisa, asiyejua habari zenu. Kadi yenyewe ionekane, na jina lililo juu yake liwe ndilo lililo katika kitambulisho cha Taifa cha anayeuza. Akisema anauza kwa niaba ya kaka yake, aonyeshe hati ya uwakili iliyothibitishwa, na huyo kaka mwenyewe aongee. Kisha nendeni pamoja ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, mhakikishe motokaa imeandikishwa kwa jina la nani. Ulizieni pia polisi kama ina faini za barabarani. Na ulizeni wazi kama imewekwa rehani kwa mkopo, maana wapo wauzao kitu ambacho mkopeshaji atakuja kukichukua uani mwako.

Nne, fedha zisigawanywe vipande vipande njiani. Neno “tuma kidogo nikushikie” ni kamba ya kwanza; ukishaishika utavutwa mpaka mwisho, kwa kuwa kila mara utaogopa kupoteza ile uliyokwisha toa. Lipa siku ya kukabidhiana, benki, katika akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Ukitumia simu, soma jina linalotokea kabla hujatia namba yako ya siri. Kama kadi yasema mtu huyu na simu yasema mtu yule, acha papo hapo. Wala usimsikilize asemaye, “Namba yangu ina matatizo, ile pesa tuma kwenye namba hii.” Maneno hayo Tanzania nzima imekwisha yajua, na bado kila siku yanapata mtu.

Tano, andikeni mkataba mbele ya wakili, pawe na mashahidi wa pande zote mbili, na kila mtu abaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kisha msichelewe kuhamisha umiliki TRA. Motokaa isiyohamishwa bado ni ya mwingine katika vitabu vya serikali. Muuzaji akifa kesho, utabishana na wajane na watoto wake, nao hawatakuwa na kosa.

KAMA MOTOKAA IKO JAPANI

Wengine huagiza moja kwa moja kutoka Japani. Si jambo baya, na maelfu ya motokaa tunazopanda zimekuja hivyo. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia kama wetu. Kwao motokaa ndogo ikiwa mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo wengi huziuza zingali na nguvu. Hupelekwa mnadani, wafanyabiashara huzinunua, nazo hupakiwa melini kuja Dar es Salaam.

Wafanyabiashara wa kweli wako wengi. Lakini wako pia waliofungua duka la picha tupu, lenye jina linalofanana sana na la kampuni inayojulikana, herufi moja tu imebadilishwa. Basi chunguza. Wauzaji wa Japani wa motokaa zilizotumika wana chama chao kiitwacho JUMVEA. Tazama kama kampuni ile ni mwanachama. Akaunti ya benki iwe ya kampuni, iwe Japani, si ya mtu binafsi katika nchi nyingine. Na ukipata barua katika simu, siku ile ile ya kulipa, kwamba akaunti imebadilika, usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, uulize. Walaghai huingia katikati ya mazungumzo ya watu wengine na kubadilisha akaunti tu.

Dai pia hati. Iko hati ya Kijapani ya kuruhusu motokaa itoke nchini, nayo huonyesha namba ya chesisi, mwaka, na kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Mita ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma na fundi mwovu. Hati hiyo itakusaidia kumshika. Na iko hati ya meli, inayoonyesha shehena ni ya nani. Jina lako liwemo.

Tena, usihesabu bei ya picha peke yake. Motokaa ikifika Dar es Salaam yangoja kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na ziko nyingine zinazofuata ukubwa wa injini na umri wa motokaa. TRA hukadiria kwa thamani iliyo katika orodha zake, si kwa maneno yako. Katika mtandao wa TRA kipo kikokotoo cha motokaa zilizotumika, ambacho kijana yeyote mwenye simu nzuri aweza kukifungua. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja. Wako watu ambao hawakudhulumiwa na mlaghai yeyote, ila motokaa yao ilibaki bandarini ikiongeza gharama kwa kuwa hawakuhesabu.

KAMA UMEKWISHA TAPELIWA

Yule mzee wa plau alikaa wiki mbili bila kumwambia mtu, kwa aibu. Hilo ndilo kosa aliloniomba nikuonye nalo zaidi kuliko mengine. Aibu ya mnunuzi ni rafiki mkubwa wa mlaghai, maana humpa nafasi ya kutoa fedha na kutupa laini ya simu.

Ukigundua, usingoje hata saa moja. Piga simu kwa kampuni ya simu au benki uliyotumia, uombe fedha zizuiwe kama hazijatolewa. Nenda polisi ukaandikishe habari. Ujumbe wote usifutwe, ndiyo ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yawahusu watu kama hawa. Ile namba ya mlaghai itume kwa 15040, ambayo imewekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo, ili ifungwe isimwibie mwingine. Na jihadhari na mlaghai wa pili, ajaye baadaye kwa upole na kusema aweza kukurudishia fedha zako ukimlipa ada kidogo. Mara nyingi ni yule yule, amebadilisha sauti.

TWARUDI

Kabla sijaagana na mzee, alinichukua nyuma ya nyumba akanionyesha ndama dume wawili, wamefungwa kwenye miti. Alikuwa amewanunua mnadani wiki iliyopita kwa fedha za choroko. Bado wadogo, itapita miaka kabla hawajaweza kuvuta plau vizuri. Mjukuu alikuwa amerudi kutoka Mwanza kuwatazama, na babu yake alimtaka yeye mwenyewe awafungue vinywa mbele ya muuzaji.

“Nilimwambia, tazama meno,” akasema mzee. “Akatazama. Nikamwambia, tazama tena.”

Yule kijana alikuwa amesimama karibu, akatabasamu kidogo, akainama kuwapa ndama maji. Nikasema “Wabeja,” nikaagana nao, nikashika njia ya Lamadi kabla jua halijashuka.

Nawe msomaji, msimu wa pamba utakapofika, na simu yako ikikuletea picha ya motokaa nyeupe inayong'aa, mkumbuke mzee huyu. Usiikatae motokaa, huenda ni nzuri kweli. Bali mwite shemeji, mwite fundi, panda basi uende. Muuzaji wa haki atakungoja, na asiyekungoja mwache aende zake.